Mtoto Huyu Amepimwa kwa Lugha Gani? Uongozi wa Elimu Maalumu Wilayani Dowa

Mada iliyosomwa kwenye semina ya walimu na wazazi, Mponela



Mwaka 1994 Malawi ilifuta ada katika shule za msingi. Mwezi Juni mwaka huohuo mataifa yalikutana Salamanca, Hispania, yakakubaliana kwamba mtoto mwenye ulemavu apokewe katika shule ya kawaida ya mtaani kwao. Na ni mwaka huohuo kambi yetu ya Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, ilipofunguliwa kwa wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000. Katika umati huo mtoto asiyesikia vizuri hupotea kirahisi sana, tena akiwa ameketi darasani mbele yetu.

Nina jambo moja la kusema. Watoto wetu tunawapima kwa lugha wasiyoielewa, na kipimo kikikosewa, yote yanayofuata hukosewa.

Nilipata kumfundisha binti mmoja wa darasa la pili, familia yake imetoka Kivu Kusini. Kwenye rejista alikuwa ameandikiwa kwamba ni mzito wa kuelewa. Niliamini, nikamketisha nyuma. Siku moja tukiwa katika hesabu za kujumlisha, mvua ikapiga bati mpaka darasa zima likaweka kalamu chini, hakuna aliyenisikia. Yeye aliendelea kuandika, macho kwenye midomo yangu na ubaoni, kama alivyofanya kila siku. Kwake kila siku ilikuwa siku ya mvua. Jioni nilikwenda kwao. Mama akaniambia, kwa Kiswahili, kwamba sikio la mtoto lilianza kutoka usaha wakiwa bado njiani. Hakuna mtu wa shule aliyekuwa amemuuliza.

Kosa hilo lina pacha wake. Mtoto aliyefika mwezi uliopita, anayejua Kirundi au Kiswahili tu, huulizwa kwa Chichewa, hunyamaza, naye huandikwa kuwa na ulemavu asio nao. Mwenye ulemavu haonekani, asiye nao anaandikwa. Kwa orodha kama hiyo ofisi ya wilaya itajuaje impeleke wapi mwalimu wa elimu maalumu? Na walimu hao ni wachache. Wengi wamepitia Chuo cha Montfort kule Chiradzulu, kusini, na kila mmoja ana fani yake: uziwi, uoni hafifu, au ugumu wa kujifunza. Kumtuma wa macho kwa mtoto wa sikio ni kupoteza siku za wote wawili.

Vipimo vya mwanzo si vya gharama. Kwa macho tuna chati ya herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia: mtoto husimama mita sita, hufunika jicho moja, huonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Hapo hahitaji kusoma wala kujua Chichewa. Sikio ni jambo jingine. Mwalimu husimama nyuma ya mtoto, humnong'oneza maneno, naye huyarudia. Basi maneno hayo yawe ya kwao: ndizi, saba, maji. Anayefanya kazi hiyo awe mtu mzima anayeijua lugha ya mtoto, na kambini watu hao wamejaa. Wengine walikuwa walimu kwao na leo wanauza nyanya.

Lakini kupima peke yake hakutoshi; majibu yakipotea, mtoto huanza upya. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Watoto waliokuwa wakisoma Lilongwe na hapa Mponela walihama katikati ya masomo. Aliyekuwa amezoea kukaa dawati la mbele kwa ajili ya macho yake alifika shule mpya bila karatasi, akaanza upya nyuma ya darasa. Ndiyo maana nasema faili la mtoto litembee na mzazi, nakala ibaki wilayani.

Najua Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti, elimu ikiwamo. Lakini mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na sikio linalotoka usaha halina uraia. Siombi darasa jipya wala jengo. Naomba ofisi ya wilaya itenge wiki ya kwanza ya muhula wa Septemba, kila shule ya kanda yetu imteue mwalimu mmoja wa kupima, na nauli ya mwalimu mtaalamu wa kuzunguka iingie kwenye bajeti badala ya kutoka mfukoni mwake.

Chati nimekuja nazo. Tumezichora kwenye maboksi, kila herufi imepimwa kwa rula. Ziko mezani pale mlangoni, kila shule ichukue moja.