Majani ya Ukoka Mbele ya Nyumba
(Maneno kwa wenye vihamba wa Moshi na mlimani)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengine hulidhania kuwa dogo, nalo ni kupanda majani ya ukoka uani. Twakubali kwamba mtu halishwi na majani. Walakini jambo hili lagusa udongo wetu, maji ya mifereji yetu, na nguvu za mama zetu. Basi si dogo hata kidogo.

Wako wasemao kwamba uwanja wa majani ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba wengi waliuona kwanza mbele ya nyumba za misheni na za maofisa, katika miaka ya Wadachi hata 1916, na katika miaka ya Waingereza hata 1961. Lakini majani yenyewe si mageni. Ukoka ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Na yale majani manene yaitwayo majani ya kikuyu, ambayo leo hupandwa katika nchi nyingi, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Yalifika Australia mwaka 1919 yakitokea Kongo. Wageni ndio waliotwaa majani yetu wakayatandika kwao. Basi asione haya mtu wa Kilema au wa Uru kuyapanda kwake.

Faida zake ni hizi. Nyumba zetu zimejengwa katika mteremko. Masika yakianguka juu ya ua uliofagiliwa hata ukawa mtupu, maji hukimbia na kuchukua udongo, kwanza kidogo, baadaye msingi wa nyumba waonekana nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mizizi ya ukoka hushika udongo kama vidole. Tena vumbi la kiangazi hupungua, na funza, wapendao mavumbi makavu, hawapati makao mazuri. Majani yakiwa mafupi, nyoka huonekana kabla hajakanyagwa. Na siku za Krismasi, watoto wetu wote warudipo nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, wageni hupata mahali pasafi pa kukaa.

Lakini hapo ndipo lilipo kosa tunalotaka kulisema waziwazi. Kijana hurudi mwezi wa Desemba na fedha zake, hununua vipande vya ukoka, huviweka kwa siku mbili, ua wapendeza, watu humsifu. Mwezi wa Januari hurudi mjini. Jua la Januari na Februari lawaka, na nyumbani amebaki mama mzee peke yake. Ni nani atakayenywesha majani yale?

Na tufanye hesabu kidogo. Uwanja wa futi 20 kwa futi 20 ni futi za mraba 400. Wajuao kazi hii husema kwamba wakati wa jua uwanja wataka maji ya kadiri ya inchi 1 kila juma. Inchi 1 juu ya uwanja huo ni lita zipatazo 940, yaani madebe 47 ya lita 20. Madebe 47 kila juma, juu ya kichwa cha mama aliyekulea! Naye bado ana kumkatia ng'ombe majani, na migomba na kahawa vyamngoja. Majani yakifa, fedha zimepotea. Yasipokufa, mama ndiye aliyechoka. Heshima gani hiyo?

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: pima uwanja kwa nguvu za yule atakayebaki nyumbani, wala usiupime kwa fedha za yule atakayeondoka. Uwanja wa futi 10 kwa futi 10 watosha kuanza, nao wataka robo tu ya maji yale, madebe kama 12.

La pili, chagua majira. Mwenye akili humwachia Mungu kazi ya kunywesha. Panda mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi au Aprili, udongo ukiisha kulowa vema. Penye mteremko mkali ngoja mvua kubwa zipungue, mwezi wa Mei, vipande visije vikachukuliwa na maji kabla havijashika. Anayetaka uwanja uwe mzuri Krismasi, na aupande masika ya mwaka ule ule.

La tatu, chagua majani yapasayo mahali. Chini, Moshi mjini na Himo, ambako jua ni kali, ukoka ndio wafaa. Juu, penye baridi na mvua nyingi, majani ya kikuyu hustawi sana. Yote mawili yapenda jua. Chini ya kivuli cha migomba hayatafanikiwa, nawe usikate mgomba kwa ajili ya majani. Jihadhari usichukue sangari ukidhani ni ukoka. Sangari ni adui wa kahawa, na mizizi yake ikiisha kuingia shambani, kuitoa ni kazi ya miaka.

La nne, vipande uvipate kwa haki. Usikate majani ya ukingo wa mfereji wala ya kando ya barabara, maana yanashikilia udongo wa watu wote. Ukikata katika ardhi yako mwenyewe, kata ukanda mmoja uache mmoja, majani yaliyobaki yapate kutambaa na kufunika pengo.

Sasa namna ya kazi. Lima mahali pale kwenda chini inchi 6, utoe mawe na mizizi ya magugu yote. Changanya samadi iliyooza sana. Samadi mbichi huunguza. Sawazisha kwa reki, ukiacha mwinamo mdogo utokao nyumbani, maji yasije yakatuama ukutani. Shindilia kidogo kwa miguu, kisha unyweshe.

Vipande viwe na unene wa inchi 1 na nusu, upana futi 1, urefu futi 2. Kwa uwanja wa futi 10 kwa 10 vyatosha 50. Viweke siku ile ile vilipokatwa, maana vikilala katika rundo huvunda. Penye mteremko anza chini ukipanda juu, na kila safu ukatize mteremko. Viungo vya safu moja visielekeane na vya safu ya pili. Fanya kama mwashi apangavyo matofali, maji yasipate njia iliyonyoka. Gonganisha ncha zikutane, jaza nyufa kwa udongo laini, na kila kipande cha mteremkoni ukipigilie vijiti viwili. Kisha shindilia chote kwa ubao.

Asiye na fedha za vipande asikate tamaa. Achukue kipande kimoja, akichambue kuwa mashina madogo yenye mizizi, ayapande mbalimbali kwa inchi 6 katika mvua. Atangoja miezi kadhaa, lakini atapata uwanja ule ule.

Majuma mawili ya kwanza udongo ulio chini ya vipande usikauke. Inua pembe ya kipande kimoja utazame. Ukiona pakavu, nywesha asubuhi mapema au jioni. Baada ya majuma mawili au matatu, vuta kipande polepole. Kikikataa kuinuka, mizizi imeshika. Hapo nywesha mara chache lakini kwa wingi, ili mizizi ifuate maji chini. Watoto na kuku wazuiliwe mpaka siku hiyo.

Kata kwa mara ya kwanza majani yafikapo inchi 3. Fyekeo liwe kali, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Yaliyokatwa, ikiwa hayakupigwa dawa yoyote, mpe ng'ombe zizini. Ni kidogo, lakini ni mzigo uliopungua kichwani mwa mama.

Tena chimba kijifereji kikavu cha upana wa inchi 6 kuuzunguka uwanja, ukikate upya kila mwezi, majani yasitambae kuingia katika kahawa. Nje yake panda masale, mmea wetu wa mpaka na wa amani.

Mwisho ni neno la maji. Mifereji yetu ilichimbwa na babu zetu kwa jembe na kwa mapatano. Maji yana zamu, na kila mwenye zamu ana migomba inayomngoja. Mtu asifungulie maji usiku kwa ajili ya majani ya mapambo, na shamba la jirani likakauka. Kiangazi kikiwa kikali, yaache majani yageuke rangi. Ukoka ulioshika mizizi hulala, nao huamka mvua inyeshapo. Lakini ugomvi wa maji ukiisha kuamka, haulali upesi, hata masale hushindwa kuutuliza.

Basi, ndugu zetu, pandeni kidogo, pandeni kwa majira, tena pandeni pale ambapo yupo wa kutunza. Nasi twatumaini kwamba mama akaaye penye majani hayo jioni atakaa kwa kupumzika, wala si kwa kuchoka.