Mto Unatulisha, Mto Unatuhamisha

(Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya akina mama na wakulima wa kando ya mto, Garissa)

Leo ni siku ya soko. Najua kuna mtu hapa ameacha maziwa yake ya ngamia yakiangaliwa na jirani, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nimeambiwa niongee juu ya maisha katika mji wa soko ulio kando ya mto. Nilicheka kidogo, kwa sababu nitawaeleza nini nyinyi mliozaliwa hapa? Mimi nilikuja na basi, Januari 2007, na diploma yangu ya kazi za jamii ndani ya bahasha. Mwajua nilikuta nini? Soko la mifugo limefungwa. Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa kubwa mno, mbu wakazaana, na ule ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa ukaanzia upande wetu huu. Katika Kenya nzima uliua watu zaidi ya 150. Kuchinja kulikatazwa na ng'ombe hawakuuzwa.

Mimi nilidhani taabu ni ya wenye ng'ombe peke yao. Kumbe mama wa chai hana mteja, kijana anayepakia lori hana kazi, mwenye punda hana mzigo, na hata muuza ndizi anakaa na ndizi zake mpaka zinakuwa nyeusi. Hapo ndipo nilijifunza kwamba katika mji huu mto na soko ni kitu kimoja. Mto ukipata homa, soko linatetemeka.

Sasa niseme lile nililokuja kusema, nalo ni kosa langu mwenyewe.

Baada ya mafuriko ya 2018, mimi na wenzangu wachache tulikwenda kwa jamaa waliokuwa wamejengewa mahema. Nyumba zao za kando ya mto zilikuwa zimeingia maji mpaka kwenye madirisha. Tuliwaambia, msirudi kule. Tulikuwa na mfadhili wa mabati na tulikuwa na kiwanja mahali pa juu, mbali na maji. Nilisimama mbele yao nikaongea vizuri sana, nakumbuka. Nilisema mtu mwenye akili hajengi mahali ambapo maji yamempiga mara mbili. Walipiga makofi, wakapewa mabati, wakahama.

Kufika kiangazi kilichofuata, zaidi ya nusu walikuwa wamerudi mtoni. Mabati mengine yalirudi nao, mengine yaliuzwa.

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwendea mama mmoja wa kikundi, mkulima wa ndizi na mapapai, nikamwuliza, mama, ni nini hii? Alikuwa ameinama anafungua maji yaingie kwenye mfereji. Hakusimama hata. Akaniambia, "Dada, mafuriko huja mara moja baada ya miaka, halafu yanaondoka. Huko juu ulikonipeleka, njaa inakuja kila asubuhi saa kumi na mbili."

Kisha akanihesabia kwa vidole. Kule juu maji ananunua kwa mwenye mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi. Kutoka kule mpaka shambani ni mwendo wa saa nzima, na kurudi saa nyingine. Usiku hakuna wa kulinda mapapai, nyani na wezi wote wanafurahi. Na akitoka shambani saa tatu, anafika soko wenzake wamekwisha kuuza. Kwa hivyo alirudi. Sikuwa na jibu. Katika diploma yangu tulifundishwa kumsikiliza mwananchi kabla ya kupanga, na mimi nilikuwa nimepanga kwanza, halafu nikasikiliza mwaka mzima baadaye.

Tusidanganyane lakini. Maji nayo hayasikilizi hesabu ya mtu. Hapa kwetu mvua ni kidogo, kama milimita 300 kwa mwaka, na mafuriko yanaweza kutufikia jua likiwaka na vumbi likiruka. Maji ni ya Mlima Kenya na Nyandarua. Yanateremka yanapita yale mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Wazee wa Wapokomo na Wamunyoyaya hukumbuka mto wa zamani, uliokuwa ukipanda na kushuka kwa majira, ukiacha matope mazuri ya kupanda. Baada ya mabwawa mto ulitulia kiasi, na kwa maoni yangu hapo ndipo sisi tulijisahau tukasogea karibu. Lakini mabwawa yakijaa, yanafurika, na yakifurika ni sisi. Tuliona Novemba 2023, barabara ya Madogo ikakatika. Tukaona tena Aprili na Mei 2024, na mwezi huo wa Aprili mashua iliyovusha watu kati ya Madogo na Garissa ikapinduka, watu wakafa. Mji ulikuwa unaonekana kwa macho, soko linaonekana, na hakuna wa kufika. Nyanya zilioza ng'ambo na huku akina mama walitafuta nyanya. (Halafu kuna watu walikuwa wanabishana huyu ni wa kaunti gani, yule ni wa kaunti gani. Maji hayakuuliza kitambulisho.)

Kwa bahati, yule mama na kikundi chake hawakunisubiri mimi nije na mpango mwingine. Walikuwa wamejipanga wenyewe. Wanalima chini na kulala chini, sawa, lakini kila mmoja ana jamaa au rafiki wa juu ambaye wamekubaliana naye kabla, si siku ya maji. Mbegu na magunia ya akiba yanakaa juu. Vitambulisho, kadi za kliniki na vyeti vya watoto viko ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja, mahali pamoja. Mashini ya kuvuta maji imefungwa kwenye mbao ili watu wanne waivute, kwa maana ukipoteza mashini umepoteza msimu mzima na deni linabaki. Tena wanachanga kila wiki pesa kidogo za kukodi mikokoteni, na mwenye punda amekwisha kuambiwa, anajua siku hiyo yeye ni wao. Tangazo la mabwawa likitoka kwenye redio kuna siku kadhaa kabla maji hayajafika hapa. Siku hizo zinatosha, kama mtu ameambiwa.

Novemba 2023 walitoka na kila kitu isipokuwa migomba. Migomba haibebeki. Mama alinipigia simu saa nne ya usiku kuniambia amefika, halafu akaongeza, "Umeona sasa, dada, nimehama." Nilicheka mpaka nikatoa machozi.

Lakini kuna jambo moja halikwenda vizuri, na ndilo linalonikosesha usingizi. Katika shamba jirani kulikuwa na vijana wawili wa kibarua, si wenyeji, wanalala kwenye kibanda cha turubai pale pale shambani. Mwenye shamba anakaa mjini. Kikundi kilipitisha habari kwa wanachama, na hao vijana si wanachama wa chochote. Waliamka maji yako magotini. Walikaa juu ya mwembe tangu usiku mpaka mashua ikawapata mchana wa pili, mmoja akiwa na malaria. Mamba nao wako, mnajua. Waliokoka, lakini si kwa mpango wetu. Nilipouliza kwa nini hawakuambiwa, kila mtu alisema alidhani mwingine amewaambia. Na mimi nilikuwa nimepita njia ile jioni ile ile, nikaona moshi wa jiko lao, nikaendelea na safari.

Kwa hivyo leo sikuja na mabati wala kiwanja. Nataka majina ya watu wanaolala kando ya mto, kutoka darajani kwenda chini, pande zote mbili: wa kibarua, wapangaji, wachunga mifugo wanaoshuka kunywesha, na yule mzee asiyesikia vizuri. Kila shamba liandikiwe mtu mmoja wa kwenda kugonga, kwa jina lake, na mtu wa pili kama wa kwanza hayupo. Tusiandike "kamati", kamati haina miguu. Katibu ana karatasi pale mezani na kalamu mbili. Wa Madogo waanze, kwa sababu wana safari ya kuvuka, halafu wa upande huu.