Vipepeo wa Gede na Akili Mnemba

Siku hizi ukitaka nembo na tangazo tamu la bidhaa yako, akili mnemba inakutengenezea kwenye simu kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba jirani yako naye anayo simu.

Sasa tazama Mradi wa Kipepeo hapa Gede, pwani ya Kenya. Tangu 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo. Huwatagisha majike, huwalisha viwavi majani ya miti yao (kiwavi hali kila jani, ana maringo), kisha huuza pupa. Hizo husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo, na zikipasuka njiani ni hasara tupu.

Tangazo lao mtu ataliiga leo jioni. Lakini msitu, mkono unaojua pupa ipi i tayari kusafiri, na mnunuzi aliyezoea kupokea mzigo mzima, haviigiki kwa simu. Msitu nao ukimalizwa kwa mbao na makaa, biashara imekwisha.

Wewe wa asali, wa mnazi, wa korosho: akili mnemba ikuandikie barua na kukupigia hesabu, sawa. Ila weka daftari la wateja wako, nani alilalamikia nini. Daftari hilo jirani hana.