MITI YA HIBISKASI WAKATI WA KIPUPWE
Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Baba Dogo



Mbele ya mkutano huu pana hoja ya kung'oa wigo wa hibiskasi uzungukao kiwanja chetu na kuweka mabati mahali pake. Walioleta hoja wameona majani yamegeuka manjano na matumba yakianguka kabla ya kuchanua, wakasema miti imekufa. Fedha ya mabati ingetoka katika mfuko wa matanga, kwa kuwa hatuna mfuko mwingine wenye kitu. Ndiyo sababu sisi tuliokabidhiwa kiwanja tumeomba kusema juu ya mti huu kabla kura haijapigwa.

Hibiskasi yetu ni ile ya maua mekundu, ambayo asili yake ni Asia, na ambayo watu wa Malaysia waliifanya ua la taifa lao mwaka 1960. Ina undugu na bamia na pamba, na undugu wa karibu zaidi na choya, ile itengenezwayo kinywaji chekundu Tanzania na Sudani. Ukoo huu wapenda joto. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tangu Juni hata Agosti mawingu hufunika jua siku nyingi, na usiku joto laweza kushuka karibu na nyuzi 10. Lakini hapa kwetu hatupati jalidi kama wapatavyo ndugu zetu wa Nyandarua. Baridi yetu haiui mti huu, huulaza tu. Mizizi hunywa polepole, majani ya zamani hudondoka, matumba huanguka. Mgeni atokaye Mombasa, ambako mti huo huo huchanua mwaka mzima, akiuona wetu mwezi wa Julai ataulilia bure.

Basi mti ulio hai utajulikanaje? Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona rangi ya kijani chini yake, mti u hai. Ukiona pamekauka na rangi ya kahawia, shuka ukakwaruze chini zaidi, maana tawi laweza kufa na shina likabaki. Juma lililopita tulikwaruza wigo wote, shina kwa shina, na sehemu kubwa ni hai. Mashina yaliyokufa kweli yako karibu na bomba, nayo hayakuuawa na baridi. Yameuawa na maji.

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Mtu aonaye jani la manjano hudhani ni kiu, akamimina ndoo nzima jioni, tena kwa huruma. Udongo wetu mweusi huku Eastlands hushika maji sana. Maji husimama penye mizizi iliyolala, nayo huoza. Wakati wa kipupwe ingiza kidole ardhini mpaka pingili ya pili. Ukisikia unyevu, acha. Ardhi ikiwa kavu, tia maji asubuhi, shinani, wala si majanini. Maji haya twayanunua kwa mtungi, na kuyatumia kuulia mti ni hasara mara mbili.

Tena yafaa kuweka kisu chini mpaka Septemba. Ukikata matawi Julai, mti huchipua machipukizi laini ambayo baridi huyadhoofisha. Samadi nayo ingoje, kwani asiyekula hapakuliwi. Matandazo ya nyasi kavu yanafaa, mradi yasigusane na shina.

Wengi wenu mwaishi ghorofani na mna miti ndani ya madebe. Hakikisheni debe limetobolewa chini. Katika Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo debe liwekwe kwenye ukuta unaoelekea huko, upande wa Mlima Kenya, mahali pasipo na upepo. Mkiona wadudu wadogo weupe chini ya majani, osheni majani kwa maji yenye sabuni kidogo.

Mama mmoja alituuliza juu ya bintiye aliyeko Marekani, ambaye hibiskasi yake hutoweka kabisa theluji ikianguka. Hiyo ni aina nyingine, mwenyeji wa mabwawa ya huko. Shina lake hufa kila mwaka hata usawa wa ardhi, na mizizi huishi chini ya theluji. Afunike mahali pale kwa majani makavu, kisha baridi ikiisha akate vijiti vya zamani. Asichimbe upesi, kwani huchelewa kuamka, pengine mpaka Juni, na watu wengi huko huitupa ingali hai. Lakini kama anayo hii yetu nyekundu, aiingize nyumbani kabla ya jalidi ya kwanza.

Twaomba basi hoja ya mabati iahirishwe mpaka Oktoba, na mfuko wa matanga usiguswe. Pengo la karibu na bomba twaweza kulijaza bila senti moja, kwa vipandikizi vya urefu wa shubiri moja vitakavyokatwa katika wigo huu huu mvua za vuli zikikaribia. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tutahesabu mashina mbele yenu, na walioleta hoja ndio tunaowaomba wawe wahesabuji. Mwenye mkasi wa kukatia matawi aje nao.