MGONGO WA MAMA MJA MZITO
(Maneno ya mkunga kwa wanachama wanawake, Lanet)



Bwana Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya mikanda ya waja wazito, maana wengi mnauliza kama inafaa kutoa fedha kuinunua.

Mimba ikifika mwezi wa saba, tumbo huvuta mbele na mgongo hupinda zaidi. Tena mwili hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, ili mtoto apate njia. Mama akisimama tangu asubuhi mezani akichagua maua, lazima ataumwa. Huo si uvivu, hata nyapara akisema hivyo.

Mkanda huwasaidia wengine. Wengine hawaoni nafuu yoyote. Mwulize mkunga kliniki kabla ya kununua. Ufungwe chini ya tumbo, uzunguke nyonga, wala usilibane tumbo. Vidole vyako vipite kati ya mkanda na mwili; pumzi ikiwa nzito, legeza. Uvae ukisimama au kutembea, uvue ukilala. Asiye na fedha akunje leso, aifunge papo hapo nyongani. Usiku lalia ubavu, na mto kati ya magoti.

Lakini mkanda haubebi ndoo. Mwajiri asiseme, "Umekwisha vaa mkanda, basi rudi kwenye mzigo." Ombeni kiti, na kisanduku cha kupumzishia mguu mmoja, na kazi isiyo ya kuinua vitu. Jambo hili mwakilishi wa chama alipeleke ofisini, asiachiwe mama peke yake.

Msinunue ovyo ibuprofeni wala diklofenaki dukani. Miezi hiyo zaweza kudhuru moyo na figo za mtoto.

Maumivu yakija na kuondoka kwa vipindi kabla ya wakati, au ukiona damu, maji, homa, mkojo unaochoma, au miguu ikifa ganzi, nenda hospitali siku ile ile. Usingoje mwisho wa zamu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, wala siku zake za likizo ya mwaka hazipotei. Kifungu cha 46 chasema mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Taarifa ya likizo iandikwe, iwafikie siku 7 kabla; wakitaka cheti, mkunga au daktari ataandika. Nakala moja mpeni mwakilishi wenu.