Mtambo wa Kuhifadhi Kumbukumbu na Utambulisho Wake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Ngara na Biharamulo

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa naye akae karibu na ubao.

Leo nataka kuwaeleza habari za mtambo ambao wengi wenu hamjauona kwa macho, ingawa yamkini majina yenu yamo ndani yake. Ukienda hospitali ukaandikwa katika kompyuta, au ukipeleka kahawa yako kwenye chama cha ushirika na kilo zako zikaingizwa katika mashine, maneno hayo hayakai katika kile kioo unachokiona mezani. Hukaa katika vyombo viitwavyo diski. Ofisi kubwa huwa na diski nyingi, zimepangwa ndani ya sanduku la chuma kama vitabu kabatini, na sanduku hilo huunganishwa na kompyuta za ofisi kwa waya za mtandao.

Basi, diski ni chombo, na chombo huchakaa. Siku moja hufa, wala haipigi hodi. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, Marekani, walitoa andiko juu ya shida hii. Majina yao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walisema kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, twaweza kutumia diski nyingi ndogo za bei nafuu, zifanye kazi pamoja, na moja ikifa zilizobaki ziendelee bila kupoteza neno. Mpango huo mafundi huuita RAID. Siri yake ni hesabu, na hesabu hiyo twaweza kuifanya hapa hapa darasani.

Chukueni karatasi nne. Wakulima watatu wameleta kahawa: wa kwanza kilo 40, wa pili kilo 25, wa tatu kilo 35. Andikeni kila namba juu ya karatasi yake. Juu ya karatasi ya nne andikeni jumla, yaani 100. Sasa mwenzenu mmoja aifiche ile karatasi ya 25. Je, mwaweza kuijua bila kuiona? Naam. 100 toa 40, toa 35, yabaki 25. Karatasi imepotea, lakini kilo za mkulima hazikupotea.

Hebu sasa ficheni karatasi mbili, ile ya 25 na ile ya 35. 100 toa 40 yabaki 60. Lakini hiyo 60 ni 25 na 35, au ni 30 na 30, au ni 59 na 1? Hakuna ajuaye, na hapo mkulima wa pili na wa tatu wataanza kugombana. Mashine hutumia hesabu ya namna nyingine kidogo, ya tarakimu 0 na 1 tu, na iko mipango inayoweka hesabu mbili za akiba ili kustahimili vifo viwili. Hata hivyo maana ni hiyo hiyo. Kwa sababu hii taa ya hatari ikiwaka kwenye diski moja haifai kusema tutaitazama mwezi ujao.

Ni nani afanyaye hesabu hizo usiku na mchana? Ni kifaa kilichomo ndani ya lile sanduku, kiitwacho kontrola. Mfikirieni kama karani. Mitambo mingi ina makarani wawili, A na B, ili mmoja akishindwa mwenzake ashike kazi. Na fundi anapousimika mtambo, kabla ya kuingiza kumbukumbu yoyote, hana budi kumpa karani huyo utambulisho wake: jina, anwani, mahali alipo, saa, na neno la siri. Ninyi mliojifunza kuandika majina yenu kabla ya kitu kingine chochote hamtashangaa.

Tuanze na jina. Mitambo mingi ikitoka kiwandani huwa na jina la kiwandani, nalo hufanana na jina la wenzake wa aina ile ile. Tuseme ofisi moja iko Ngara na nyingine Biharamulo, zote zimeacha jina hilo. Fundi aliyeko Bukoba anatazama kioo chake na kuona mitambo miwili yenye jina moja. Ameambiwa asafishe ule mtambo mtupu wa Ngara. Atajuaje kama anaoushika si ule wa Biharamulo uliojaa kumbukumbu? Wafugaji wenzetu wanajua ugomvi unaokuja zizi mbili zikitumia chapa moja. Basi mmoja uitwe NGARA-1, mwingine BIHARAMULO-1, na panapoulizwa mahali paandikwe jengo na chumba.

Anwani ya mtandao nayo ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, na kila moja haizidi 255. Andikeni: 192.168.10.21. Karani A akiwa na hiyo, karani B apewe 192.168.10.22. Wakipewa namba moja, kompyuta huchanganyikiwa kama mpeleka barua aliyekuta nyumba mbili zenye namba moja. Mara mtambo unaonekana, mara umepotea, na watu huanza kulaumu umeme bure.

Sasa nitakaa kidogo juu ya saa, maana hapa kwetu ina matata yake. Kwanza, mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia machweo au macheo kama tufanyavyo sisi. Saa kumi na moja jioni kwake ni 17:00. Tofauti ni saa sita, na hilo mmekwisha kulijifunza. La pili ni gumu zaidi. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Walioko Rusumo na Kabanga wanajua: unatembea hatua chache, simu yako inashika mtandao wa ng'ambo, na saa yake inarudi nyuma bila kukuuliza. Fundi akitengeneza saa ya mtambo kwa kutazama simu iliyoshika mtandao wa ng'ambo, kumbukumbu zote zitakuwa zimechelewa kwa saa moja.

Mtasema, saa moja ni nini? Nami nauliza: kilo zako zilipimwa saa 9:30 asubuhi kwa saa ya mashine, mtambo ukaandika 8:30. Nakala nyingine iko katika mtambo wa pili, nayo ni ya saa 9:00, kabla kosa la mizani halijasahihishwa. Mitambo hiyo miwili ikilinganisha ipi ni mpya, itaona ya 9:00 ndiyo mpya, na itaweka ile yenye kosa juu ya ile iliyosahihishwa. Hakuna aliyeiba, na bado umepunjwa. Basi fundi achague saa ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya ile ya Greenwich.

Neno la siri nitalipita upesi: lile la kiwandani libadilishwe siku ile ile, maana limechapwa katika vitabu ambavyo kila mtu aweza kuvisoma. Na lile jipya lisibandikwe juu ya mtambo.

Limebaki jambo moja, na kwa maoni yangu ndilo kubwa. Diski nazo zina utambulisho. Ndani ya kila diski imeandikwa alama: mimi ni wa kundi fulani, na nafasi yangu ni ya ngapi. Kontrola ikiungua, kwa radi labda, na fundi akaweka mpya, ile mpya husoma alama hizo na mara nyingi huona hizi ni diski za kigeni. Huuliza: nizipokee na alama zao, au nifute alama?

Wazee waliomo darasani wanakumbuka mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Watoto walipotezana na wazazi. Mashirika ya misaada, Msalaba Mwekundu likiwamo, yaliandika jina la mtoto, majina ya wazazi na mahali walikotoka, na kwa maneno hayo machache watoto waliweza kutafutiwa jamaa zao. Sifananishi mtoto na chuma. Nasema tu kwamba anayefuta maneno hayo anakata njia ya kurudi.

Fundi akijibu pokea, kundi husimama tena kama lilivyokuwa. Akijibu futa, kuziunganisha tena diski hizo ni kazi ya mafundi wachache sana. Na akiendelea akaunda kundi jipya na kuzijaza sifuri, kumbukumbu zimekwisha. Kidole kimoja chatosha.

Huenda mtauliza, sisi hayo yanatuhusu nini, si ya mafundi? Yanawahusu. Baadhi yenu ni wajumbe wa kamati za vyama vya ushirika, za shule na za zahanati, nanyi ndio mtiao sahihi fundi alipwe. Kabla ya sahihi, ombeni karatasi yenye jina la mtambo, anwani za karani A na B, mahali, majira ya saa, na mpangilio wa diski kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Isomeni, na iwekwe katika jalada. Siku ya ajali fundi awasomee swali la mashine kwa sauti kabla hajalijibu. Fundi mwema hatakasirika.

Tena ulizeni kama iko nakala katika jengo jingine. RAID huokoa diski ikifa, haiokoi nyumba ikiungua, wala haimzuii karani wa mezani aliyefuta majina kwa haraka zake.

Sasa redio izimwe. Mwalimu aandike ubaoni: Jina, Mahali, Anwani ya A, Anwani ya B, Saa. Kila mwanafunzi aujazie mtambo wa kijiji chake, kisha mhakikishe darasani hakuna wawili walioandika jina moja wala anwani moja. Walioko mpakani waeleze pia: kwenye simu iliyoshika mtandao wa Rwanda ni 15:20. Mtambo wa Ngara uandike saa ngapi?