Chinsaga na Majina Yake: Tesaurasi na Haki ya Kuifikia Elimu



Mchukueni mwanafunzi wa kilimo ambaye kwao Masimba, katika nchi ya Wagusii, wamevuna mbegu za mboga iitwayo chinsaga, wakazipanda papo hapo, zikakataa kuota. Jibu lipo: mbegu mpya ya chinsaga huwa imelala, na hutaka kuwekwa miezi kadhaa ndipo iote vizuri. Lakini akiandika “chinsaga” kwenye hifadhidata ya maktaba, huenda asipate kitu. Makala anayoihitaji inasema Cleome gynandra. Nyingine inasema Gynandropsis gynandra, kwa kuwa wanabotania nao wameupa mmea huo zaidi ya jina moja. Akijaribu Kiingereza, “spider plant”, ataletewa pia Chlorophytum comosum, ua la kupambia nyumba lisilo na undugu na mboga yetu. Katika Kiswahili sanifu ni mgagani, kwa Wajaluo ni dek au akeyo, kwa Waluhya ni tsisaka, na katika masoko ya Nairobi utasikia saga.

Kuyakutanisha majina hayo ndiyo kazi ya tesaurasi. Sizungumzii kitabu kama kile cha Peter Mark Roget cha mwaka 1852, kinachomsaidia mwandishi kuchagua neno. Tesaurasi ya maktaba humfunga mkutubi. Kila dhana hupewa istilahi teule moja, na majina mengine yote huelekezwa kwayo kwa agizo fupi: tumia hii. Mkutubi akiisoma makala, huiorodhesha chini ya istilahi hiyo hata kama mwandishi hakuitaja popote. Dhana hufungamanishwa pia: juu ya chinsaga kuna mboga za majani, kando yake kuna kulala kwa mbegu. Hapo mwanafunzi wetu huingia kwa jina la nyumbani akatokea kwenye jibu.

Katika kilimo, tesaurasi kubwa ni AGROVOC ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ina lugha zaidi ya 40, na Kiswahili ni mojawapo. Ekegusii, lugha ya Wagusii iliyotupa jina chinsaga, haimo. Hilo linaniuma, kwa sababu kwetu wanaoilima na kuila chinsaga kila wiki wanaiita kwa Ekegusii, na mama aliyejifungua hupikiwa hiyo kwa imani kwamba inarudisha damu.

Wapo wanaosema mitambo ya kutafuta ya siku hizi imeifuta kazi hii. Sikubaliani nao. Mtambo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi ya kilimo kwa Ekegusii ni haba. Neno ambalo mtambo haujalikuta mara za kutosha hauwezi kulioanisha na jina la kisayansi, mpaka mtu aketi na kuandika kwamba hili na lile ni kitu kimoja.

Na hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1999 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini, chenye majina katika lugha zetu nyingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango amezitafiti mboga hizi kwa miongo. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano bora wa uhifadhi. Majina yamekwisha kukusanywa. Kilichobaki ni kuyaingiza katika orodha ambayo kompyuta za maktaba zinaisoma.

Kwa chinsaga kazi ni nyepesi: majina mengi, mmea mmoja. Rinagu, yaani mnavu, ni kinyume chake. Jina ni moja, ila ndani yake mna spishi kadhaa, zikiwemo Solanum scabrum yenye majani mapana na Solanum villosum yenye majani madogo na matunda ya rangi ya chungwa. Tukiziweka zote chini ya istilahi moja, mkulima atapewa ushauri wa mbegu asiyoipanda. Tukizitenganisha, lazima tujue muuzaji wa soko la Masimba anazitofautishaje: kwa jani, kwa tunda, au kwa uchungu. Kwa hiyo naomba kamati ya istilahi ya maktaba ya chuo chetu isikutane chuoni peke yake. Ikutane na akina mama wanaouza hapo siku ya soko, mafungu ya rinagu yakiwa mbele yao, na maneno yao yaandikwe kabla ya yetu.